Chumba cha Dharura: Nani Anayetujaza Pale?



Tumekuwa tukisikia maneno mengi hapa Juba kwamba watu wazima, tena wenye nguvu zao, wanajaza chumba cha dharura cha hospitali kwa maradhi yasiyo ya dharura. Kichwa kinauma, mtu anakwenda. Tumbo la siku tatu, anakwenda. Mgongo wa kubeba magunia, anakwenda. Wakubwa wakizungumza habari hii husema ni ujinga, kwamba mfanyakazi hajui tofauti ya zahanati na hospitali kubwa, na dawa yake ni kumpa elimu.

Sisi hatukatai kwamba jambo lenyewe lipo. Lipo, na sisi wenyewe tumo ndani yake. Tunachokataa ni hiyo sababu inayotolewa.

Mwaka jana wakati wa mvua, sisi wawili wa kamati ya tawi tulikuwa tumekaa kwenye benchi la chumba cha dharura cha hospitali moja, saa mbili na nusu usiku. Hospitali hiyo hatutaitaja, maana kosa halikuwa lake. Mmoja wetu alikuwa na mgongo, na wa pili alikuwa na homa iliyokwisha kupungua tangu asubuhi. Tuseme kweli: hatukwenda kutibiwa. Tulikwenda kutafuta karatasi. Tulikuwa tumekosa kazi siku mbili, na meneja alikwisha tuambia kwamba bila karatasi ya hospitali kubwa, yenye mhuri, siku hizo mbili zimekwenda na maji. Siku ya kwanza tulipata karatasi ya kituo cha afya cha mtaani kwetu. Aliitazama, akairudisha. Alisema karatasi za vituo vidogo zinauzwa sokoni.

Basi tukakaa na wenzetu wengi. Nesi alikuwa mmoja na tabibu mmoja. Nesi alikuwa anaandika majina katika daftari kwa kufuata aliyetangulia kufika, mmoja baada ya mwingine. Ndipo ikaja raksha, akashushwa kijana wa kiwanda cha matofali ya saruji, mkono umefungwa kwa shati na shati limelowa damu. Kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa sisi, akakaa chini sakafuni. Nesi hakumwona. Aliyemleta hakuwa na mazoea ya hospitali, akadhani ni lazima wangoje zamu yao kama watu wengine. Wakangoja. Sisi ndio tuliosimama mwishowe tukapiga kelele apelekwe mbele, akapelekwa.

Kijana yule alikatwa vidole viwili. Daktari hakusema kwamba ni kwa sababu ya kuchelewa, na sisi hatusemi hivyo, kwa kuwa mashine ilikuwa imekwisha kuviponda. Lakini tangu siku ile hatuwezi kusahau kwamba waliokuwa mbele yake katika mstari ni sisi, na ugonjwa wetu ulikuwa ni karatasi.

Kwa hiyo tunaposema habari hii hatusemi kama watu waliokaa mbali. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Hebu tutazame huduma zilivyopangwa. Katika Sudan Kusini matibabu yamepangwa kwa ngazi. Chini kabisa yuko mhudumu wa afya wa boma. Juu yake kuna kituo kidogo, ambacho kwa mpango wa serikali ni cha watu wapatao 15,000, na juu ya hicho kuna kituo cha afya cha watu wapatao 50,000. Halafu zinakuja hospitali za kaunti na za majimbo, na mwisho hospitali za rufaa, ambapo Juba Teaching Hospital ni ya nchi nzima. Watoto wana hospitali yao ya Al Sabah. Katiba ya Mpito ya mwaka 2011, katika kifungu cha 31, inaahidi tiba ya msingi na huduma za dharura bure kwa raia wote. Mambo hayo mawili yamewekwa katika sentensi moja: tiba ya msingi na dharura. Waandishi wa katiba walifahamu kwamba la kwanza likikosekana, la pili litafurika.

Kwa hiyo ngazi ipo katika karatasi. Mfanyakazi anayekwenda moja kwa moja juu anaonekana kama mtu aliyeruka ngazi kwa kiburi. Lakini mfuate mfanyakazi huyo siku moja tu. Anaingia kazini saa moja asubuhi, anatoka saa kumi na moja jioni, au saa kumi na mbili ikiwa kuna mali ya kupakia. Kituo cha afya cha karibu na kwake, Gudele au Gumbo au Munuki, kinapokea wagonjwa asubuhi. Vituo tunavyovifahamu sisi, ikifika alasiri wahudumu wameanza kuondoka, na jioni utamkuta mlinzi na kufuli. Hakuna taa, wala mshahara wa kumfanya nesi abaki usiku. Mfanyakazi anafika pale na jasho lake, anakuta kufuli, anatazama huku na huku. Ni mlango gani ulio wazi saa hiyo? Kliniki ya binafsi iko wazi, lakini inataka pesa kabla ya kukugusa, na pesa ya kibarua huingia mwisho wa juma kama itaingia. Duka la dawa liko wazi nalo, na wengi wetu tunaishia hapo, tunanunua vidonge vinne vya hiki na vinne vya kile kama tunavyonunua chumvi. Mlango wa tatu ulio wazi ni wa dharura.

Huyo si mjinga. Amehesabu, na hesabu yake ni sahihi.

Mtu atasema: kwa nini asiende asubuhi? Asubuhi yuko kazini. Akiomba ruhusa ya saa mbili, kwa kibarua wa siku, hiyo ni siku nzima imekatwa, na labda kesho akikuta mwingine amesimama mahali pake. Kwa hiyo anavumilia. Jumatatu ilikuwa homa kidogo ambayo kipimo cha kutoboa kidole na dozi moja ya malaria vingeimaliza kwa bei ndogo. Anameza vidonge vya maumivu, anakwenda kazini. Ijumaa usiku anatapika, anatetemeka, mke anaita bodaboda. Pale hospitalini anaandikwa malaria, kama walivyoandikwa watu thelathini kabla yake, na mtu mwenye karatasi na takwimu zake anasema: tazama, malaria ya kawaida imeletwa katika dharura. Lakini ile malaria ya Jumatatu na ile ya Ijumaa si kitu kimoja, ingawa jina ni moja. Kati yake kuna siku nne za mshahara ambazo mtu aliogopa kuzipoteza.

Na hapa kuna swali ambalo wanaotulaumu hawapendi kulijibu. Nani anayepima kama jambo ni la dharura au si la dharura? Daktari analipima baada ya kukushika, kukusikiliza kifua na kutazama damu yako. Mgonjwa anatakiwa alipime nyumbani, gizani, peke yake. Kifua kinabana usiku: ni gesi ya maharage au ni moyo? Sisi wa darasa la saba tutajuaje? Ikiwa ni gesi, kesho utachekwa kwamba ulikwenda kusumbua wauguzi. Ikiwa ni moyo na hukwenda, watu watasema kwenye msiba: mbona hakwenda hospitali? Mwanamke mwenye watoto watatu na mume aliye safarini hawezi kucheza kamari hiyo. Na akiamua kwenda, ajue pia kwamba njia za Juba usiku si salama, kwa hiyo mtu anayekwenda saa hizo kwa kupenda tu ni wachache sana kuliko inavyodhaniwa.

Msidhani kwamba jambo hili ni la watu maskini wa Juba peke yao. Huko Marekani, nchi yenye hospitali nyingi na fedha nyingi, watu wazima wa miaka 18 mpaka 64 waliulizwa mwaka 2011 kwa nini walikwenda chumba cha dharura mara ya mwisho, wale ambao hawakulazwa. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Karibu 80 katika kila 100 walitaja sababu za kukosa mahali pengine pa kutibiwa. Waliosema ni kwa uzito wa ugonjwa walikuwa 66 katika 100 (mtu aliruhusiwa kutaja zaidi ya sababu moja). Karibu nusu yao walisema ofisi ya daktari wao ilikuwa imefungwa. Na tangu mwaka 1986 kuna sheria huko inayozitaka hospitali zenye chumba cha dharura, zinazopokea fedha za serikali za bima ya wazee, zimpime kila anayeingia bila kutanguliza swali la malipo. Mlango uliokatazwa kufungwa ndio mlango watu wanaouendea. Mfanyakazi wa huko na sisi wa hapa tumefikia uamuzi mmoja, na hatujawahi kukutana.

Wapo wanaosema: wekeni ada. Anayekuja bila dharura atozwe, mwisho wa maneno. Dawa hiyo ilikwisha kujaribiwa kwa jirani zetu. Kenya ilianza kutoza ada katika hospitali na vituo vya serikali Desemba 1989. Wagonjwa wakapungua mno, na mwaka 1990 serikali ikaisimamisha ada ya wagonjwa wa nje, kabla ya kuirudisha baadaye kwa namna nyingine. Ada haikuchagua kati ya mwenye kidonda kidogo na mwenye kifua kikuu. Ilichagua kati ya mwenye pesa na asiye nayo. Uganda nao walifuta ada katika vituo vya serikali mwaka 2001, na watu wakamiminika, hasa wale maskini. Hawakuwa wameanza kuugua mwaka ule. Walikuwa wakiugua nyumbani. Sisi tuliokuwa wakimbizi huko miaka hiyo tulisimama katika mistari ile, na wengi wetu tunaosoma ukurasa huu Kiswahili chetu tulikipata humo humo, katika mistari ya Kakuma, na ya maji, na ya posho, na ya zahanati.

Sasa turudi kwenye karatasi, kwa sababu hapo ndipo chama kinaweza kufanya kitu bila kungoja serikali wala wafadhili.

Mwajiri analalamika kwamba wafanyakazi wake wanapoteza siku nzima hospitalini. Lakini ni yeye aliyekataa karatasi ya kituo kidogo. Kwa neno lake moja pale mezani amewahamisha wafanyakazi wake wote kutoka kituo cha mtaani, ambako wangetumia saa moja, na kuwapeleka katika benchi la dharura. Meneja mmoja mwenye watu 80 anaweza kujaza benchi lile kwa msimu mzima wa mvua. Wakiwa mameneja kumi, je? Halafu siku mtu wake mwenyewe akikatwa na mashine, atamkuta nani mbele yake katika mstari? Atakuta watu wake wale wale aliowapeleka kutafuta mhuri.

Sheria ya Kazi ya Sudan Kusini ya mwaka 2017 inatambua likizo ya ugonjwa yenye malipo. Kwa hiyo hatuombi hisani. Na jirani zetu wameliweka jambo la karatasi wazi kabisa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 30, inampa mtu aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku 7 nyingine kwa nusu mshahara, katika kila mwaka. Inataka cheti, ndiyo. Lakini cheti hicho kinaweza kutiwa sahihi na daktari, au na mtu anayesimamia zahanati kwa niaba ya daktari. Zahanati, ndugu zetu. Kama karatasi ya zahanati inatosha Nairobi, kuna nini Juba hata isitoshe?

Tunajua jibu la mwajiri: karatasi za vituo vidogo zinauzwa. Tusijifanye hatujui. Zimewahi kuuzwa, na wapo wenzetu walionunua, na jambo hilo limetuharibia jina wote. Lakini mhuri wa hospitali kubwa nao ni mpira na wino tu. Mwajiri akiwa na mashaka, na apige simu kituoni au amtume karani na bodaboda. Gharama yake ni ndogo kuliko siku mbili za watu wawili.

Jambo la pili ni saa. Tunataka mtu anayeugua asubuhi apewe ruhusa ya kwenda kituo cha karibu na kurudi, bila kukatwa siku. Mwajiri aliyefanya hesabu atakubali, kwa sababu mtu aliyetibiwa Jumatatu anakuwa mashineni Jumanne, na mtu aliyevumilia mpaka Ijumaa atakosekana juma zima. Kwa viwanda vikubwa tunakwenda mbele zaidi: wawe na nesi wao na sanduku la vipimo vya malaria na dawa. Si jambo geni. Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yamekuwa na zahanati za kampuni tangu wazee wetu wakiwa vijana, na kiwanda cha sukari cha Kakira, pale karibu na Jinja, kina hospitali yake. Hawakujenga kwa upole wa moyo peke yake. Mwenye shamba anajua kwamba majani ya chai hayangoji mtu apone, na wenzetu wa huko walikuwa na vyama vya kukaa nao mezani. Wenzetu wa mashamba ya miti ya msaji huku Ekwatoria, walio mbali na hospitali yoyote, wanahitaji jambo hili kuliko sisi wa mjini.

Kuhusu serikali tutasema kwa ufupi, maana tumesema mara nyingi. Kituo cha afya kimoja katika kila upande wa mji kikae wazi mpaka saa nne usiku, kiwe na taa ya jua na mlinzi. Na nesi alipwe. Mwaka 2024, baada ya bomba la mafuta kupasuka huko Sudan mwezi Februari, watumishi wa serikali walikaa miezi mingi bila mshahara, na wauguzi walikuwa humo. Hatuwezi kumlaumu mtu anayefunga kituo saa nane mchana akauze chai Konyo Konyo ili watoto wake wale. Yeye ni mfanyakazi kama sisi, na tunamtaka katika chama, si katika orodha ya maadui.

Hospitali nazo zina la kufanya ambalo halitaki fedha nyingi. Pale Muhimbili, Dar es Salaam, ilipofunguliwa idara mpya ya dharura mwaka 2010, kazi ya kwanza mlangoni ikawa kuwapanga wagonjwa kwa uzito wa hali zao na si kwa kufika. Ni nesi mmoja mwenye mafunzo, anasimama mlangoni, anatazama: huyu anapumuaje, huyu damu inatoka, huyu anajibu akiitwa? Mwekundu anaingia, wa manjano anakaa karibu, wa kijani anangoja. Wa kijani hafukuzwi. Anangoja. Laiti usiku ule kungekuwa na nesi wa namna hiyo, kijana wa matofali asingekaa sakafuni hata dakika moja, na sisi wawili tungengoja mpaka alfajiri, kwa haki kabisa.

Na sisi je? Tunaomba wanachama jambo moja wakati tukiendelea kusukumana na waajiri. Ukiwa umekaa kwenye benchi lile, kwa sababu yoyote iliyokuleta, inua macho. Akiingia mtu anayetoka damu, au mama mjamzito anayeshika ukuta, au mtu anayeletwa hajitambui, simama, mwite nesi kwa sauti. Usingoje mtu mwingine. Wale wengine nao wanakungoja wewe.

Kamati imekubaliana kwamba makatibu wa matawi yote walete mambo manne kabla ya mkutano wa mwisho wa mwezi: jina la kituo cha afya kilicho karibu na mahali pa kazi, saa kinapofunguliwa na kufungwa kwa kweli (si ile iliyoandikwa mlangoni), saa ambayo zamu yenu inatoka, na kama mwajiri wenu anapokea karatasi ya kituo hicho au anaikataa. Mwenye karatasi iliyokataliwa asiitupe. Ailete hiyo yenyewe, tutaiweka mezani mbele ya mwajiri. Asiyejua kuandika amweleze katibu wake, naye ataandika.